Mtoto mwenye ualbino na pumu ya ngozi: je, mzio unamwongezea hatari ya saratani?

Mama wa Singida

Habari zenu, ndugu zangu. Nina mtoto wa miaka 7 mwenye ualbino, ambaye tangu akiwa mchanga ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na vumbi la kiangazi likianza hupiga chafya mfululizo huku macho yakimwasha. Katika kundi letu la wazazi wapo wanaosema kwamba kinga ya mwenye mzio iko macho kupita kiasi, hivyo huiwahi seli ya saratani na kuiangamiza. Wengine wanasema ngozi inayokunwa miaka nenda miaka rudi mwishowe hugeuka saratani. Zaidi ya hayo, losheni ya kuzuia jua niliyonunua ilimtoa vipele usoni, nami nimeacha kumpaka kwa kuogopa kuuchochea mzio. Naomba mwenye ujuzi anielekeze nishike lipi.

Tabibu wa Ngozi

Pole, dada. Maoni yote mawili yana chimbuko katika utafiti, lakini hakuna hata moja linalotosha kukuongoza. Lile la kwanza limepata nguvu hasa kutokana na uvimbe wa ubongo uitwao glioma, ambao tafiti nyingi zimeona hutokea kwa uchache miongoni mwa watu wenye mzio. Upande wa ngozi, matokeo yamekuwa yakigongana. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza na Denmark, na haukukuta ushahidi wa nguvu wa kuihusisha pumu ya ngozi na saratani nyingi. Tafiti nyingine zimeona ongezeko la saratani za ngozi zisizo melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi), lakini hapo pana utata, kwa sababu mwenye pumu ya ngozi hukaguliwa na daktari mara nyingi kuliko jirani yake, hivyo saratani yake hugunduliwa kwa urahisi zaidi, na waliozidiwa huenda wametibiwa kwa siklosporini au azathioprini, dawa za kupunguza kinga ya mwili, au kwa psoraleni, dawa inayoifanya ngozi ishike mwanga, pamoja na mionzi ya UVA, tiba ambazo zenyewe huongeza hatari hiyo.

Kwa mwanao, hata hivyo, hatuna haja ya kusubiri mjadala huo uishe. Ngozi yake haina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuizuia miale ya jua, na saratani inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino katika Afrika ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo hupenda kichwa na shingo. Hofu ya mzio ikikufanya uache kinga ya jua, utakuwa umeikimbia hatari ndogo isiyo na uhakika na kuikumbatia kubwa iliyothibitishwa.

Jambo ninalokuomba ulitilie maanani ni kutofautisha madoa. Pumu ya ngozi huwasha sana, hukaa kwenye mikunjo, na kwa kawaida hujitokeza pande zote mbili. Madhara ya jua huanzia masikioni, puani, mdomo wa chini, shingoni na migongoni mwa mikono. Ukipitisha kidole husikia ukwaru kama wa msasa, na mara nyingi hayawashi sana. Doa la namna hiyo lisipakwe krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na mwasho, kwa kudhani ni mzio, maana wekundu unaweza kufifia huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, au kinachotoa damu kikiguswa, kipelekwe hospitali ili kikatwe kipande kidogo cha nyama na kupimwa.

Mfamasia

Nakubaliana na tabibu, na ninaongeza kuhusu losheni. Vipele hivyo huenda vimeletwa na manukato au na vichujio vya kikemikali vilivyomo. Tafuta isiyo na manukato, yenye oksidi ya zinki au titani, na SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) ya 30 au zaidi. Hizo ni nadra kuleta mzio. Mpake kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa, kabla ya kumpaka usoni. Ulizia pia Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino.

Wazazi wengine huogopa takrolimasi, dawa ya kupaka ya pumu ya ngozi isiyo na steroidi, kwa sababu mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la saratani mwaka 2006. Ufuatiliaji wa watoto kwa miaka mingi baada ya hapo haukuithibitisha hofu hiyo, ingawa kwa mwenye ualbino kinga ya jua ihimizwe maradufu akiitumia. Mkorogo na krimu za dukani zenye klobetasoli, steroidi kali sana, tafadhali sana, zisimguse mtoto.

Baba wa Mapacha

Mama, wanangu wawili wana hali kama ya mwanao, na kilichotutesa ni nguo. Tuliwavalisha mikono mirefu ya poliesta, wakatoka jasho, na jasho likaamsha pumu ya ngozi kwenye viwiko hadi wakawa wanavua mashati juani. Tukahamia pamba iliyofumwa kwa kushikamana, inayopwaya, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na kisogo. Zungumza na mwalimu wake wa darasa pia: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri acheze kivulini, na aruhusiwe kubaki na kofia hata kwenye mstari wa gwaride. Kwetu mwalimu alikubali mara tu tulipompelekea barua ya kliniki.