Kila nikitubu narudia dhambi ileile. Hii bado ni toba?

Msaka Amani:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeokoka muda mrefu na naimba kwaya. Tatizo langu ni video za ngono. Nikianguka nalia, nafunga, nafuta kila kitu kwenye simu, nakaa vizuri mpaka naanza kujisifu moyoni. Halafu usiku usingizi unakata, simu iko mkononi, nimerudi palepale.

Kinachonitesa zaidi ni kinachofuata. Nashindwa kuomba. Naona haya kwenda kwa Mungu na maneno yaleyale ya mara iliyopita, kwa hiyo naacha siku zipite kwanza, dhambi ipoe. Ibada ya meza ya Bwana, sinia likifika kwangu nalipitisha kwa jirani huku nimeinamisha kichwa, watu wadhani naomba.

Waebrania 10:26 inasema tukifanya dhambi kusudi baada ya kuijua kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Mimi kweli naijua, na hakuna anayenilazimisha. Nina nafasi bado? Na nijiondoe kwaya? Naombeni ushauri. Matusi nimeshajitukana ya kutosha.

Nyundo:
Mkuu, usichezee neema. Paulo aliuliza tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, akajibu hasha. Aliyetubu kweli huacha. Toka kwaya.

Binti Sayuni:
Nyundo, hiyo Warumi 6 anajibiwa mtu anayetafuta kibali cha kuendelea. Huyu kaka anatafuta pa kutokea. Ukimpa jibu la yule wa kwanza unammaliza.

Kimya Kingi:
Naweka kambi hapa. Uzi huu si wa mleta mada peke yake.

Mzee wa Zamu:
Mwanangu, shalom. Ile Waebrania 10 usiikate kwenye mstari mmoja. Shuka hadi wa 29: anayezungumziwa ni aliyemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu yake kuwa kitu cha ovyo. Waliokuwa wakiandikiwa walikuwa katika mateso, na hatari yao ilikuwa kumwacha Kristo kabisa. Anayemkanyaga Kristo halii usiku akiogopa kumpoteza.

Na swali lako kanisa limeshaulizwa, tena kwa jambo zito kuliko lako. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu wa dola ya Rumi watoe sadaka kwa miungu, na Wakristo wengi wakatoa kwa hofu. Baadaye wakataka kurudi. Novatian, kasisi wa Roma, akashikilia kwamba kanisa haliwezi kuwapokea tena. Cyprian, askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, alikaa na maaskofu wenzake mwaka 251, wakaamua mlango wa toba usifungwe, ila kila mmoja apimwe na apitie kipindi cha toba. Hawakuchukulia jambo kirahisi, lakini hawakumwambia mtu kwamba amekwisha.

Msaka Amani:
Asante mzee. Ila hao walianguka mara moja, kwa kuogopa kufa. Mimi narudia, na hakuna aliyenishikia upanga.

Mzee wa Zamu:
Basi soma Luka 17:4. Ndugu akikukosa mara saba kutwa moja, na mara saba akarudi akisema nimetubu, msamehe. Hesabu mwenyewe: kutwa moja, mara saba. Huyo mtu hajapata hata muda wa kuonyesha kwamba amebadilika. Alicho nacho ni kurudi tu. Bwana hawezi kutudai sisi tusamehe hivyo halafu yeye awe mgumu kuliko sisi.

Hapo kwenye kungoja dhambi ipoe ndipo ninapokuonea wasiwasi, kuliko hata simu. Zile siku unazokaa mbali unajaribu kulipa kidogo kabla hujaenda kuomba kusamehewa. Dhambi haipoi kwa kukaa. Tena siku hizo ndizo unazokuwa mpweke, na upweke unakurudisha kwenye simu. Rudi usiku uleule, na maneno yaleyale. Na kuhusu meza, Paulo anasema mtu ajihoji, na hivyo aule mkate. Tubu, kisha ule.

Binti Sayuni:
Petro alimkana Bwana mara tatu. Yuda naye alijuta, hata fedha akazirudisha. Tofauti ni nani alikuwepo Yesu alipofufuka na kuwajia.

Mlinzi wa Mlango:
Mimi Mkatoliki, nichangie kidogo. Kwenye kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, watu hurudi na dhambi ileile, padre hashangai. Lakini kuazimia kuepuka nafasi za dhambi ni sehemu ya toba yenyewe. Kaka, nafasi yako unaijua: simu, kitandani, usingizi umekata. Simu ilale chumba kingine, ukanunue saa ya kengele. Ukiiacha chini ya mto halafu ukeshe ukiomba ushindi, hapo kidogo Nyundo ana hoja.

Nyundo:
Angalau mmoja kaniona 😅. Sikumaanisha kumfukuza mtu.

Msaka Amani:
Nimewasoma wote. Simu inahama leo. Kuna mzee wa kanisa namwamini, nafikiri nimwambie, na suala la kwaya aamue yeye. Naanzaje?

Mzee wa Zamu:
Vizuri. Akisema pumzika kwaya kwa muda, pumzika, si hukumu hiyo. Ila usimwambie "niombee, nina changamoto." Changamoto kila mtu anazo, atakuombea dakika mbili muagane. Taja kitu chenyewe kwa jina lake, na saa zinazokushinda, na umwombe akuulize kila wiki hata kama hujamtafuta. Tena usimwandikie meseji, mfuate mkae.

Kimya Kingi:
Mzee, na asiye na mtu wa kumwambia kanisani kwake?

Mzee wa Zamu:
Njoo inbox, mwanangu.