Kitambaa cha fulana: pamba tupu au chenye laikra? (Nipo Mtwara)

BintiMikindani: Habari zenu wadau. Kesho naenda mjini kununua kitambaa cha kuvutika. Dukani nimeona aina mbili: kimoja pamba tupu, kizito kidogo, cha pili chembamba, kinateleza, muuzaji anasema kina laikra, zile nyuzi zinazovutika kama mpira. Nimezoea kushona vitenge tu. Nichukue kipi?

FundiMkongwe: Mdogo wangu, unashona nini, cha nani, na cherehani gani? Bila hayo tutakupotosha.

KijanaWaRuangwa: Kama ni jezi, chukua poliesta ile yenye vitundu, kama wanazovaa timu ya Namungo. Unafua jioni, asubuhi imekauka.

BintiMikindani: Samahani kaka, si jezi za mpira. Ni fulana za wanangu wawili na sketi yangu ya kubana. Cherehani ni ile Singer nyeusi ya miguu, aliniachia bibi.

MamaNachingwea: Hiyo haina zigizaga, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia; mshono wake ni mnyoofu tu. Achana na laikra kwa sasa, yalishanikuta. Mwaka juzi nilishona sketi ya laikra ya kuvaa kwenye unyago wa mtoto wa dada yangu. Nikashona kama kitenge: sindano ile ile, na mkono wa nyuma nakivuta kitambaa kiende haraka. Sindano ikawa inaruka, sentimita mbili uzi umeshika, sentimita moja hamna kitu. Nikarudia juu yake. Pindo likatoka na mawimbi kama nimetia marinda. Nikapiga pasi, nikaona itafaa. Kule ngomani nikainama kumtandikia mwali mkeka, nikasikia ta-ta-ta, mshono umeachia kutoka nyonga hadi pajani. Kitambaa kizima kabisa! Uzi ndio haukuweza kuvutika pamoja nacho. Wifi yangu akanifunga kanga yake, nikakaa chini hadi mwisho wa shughuli.

FundiMkongwe: Pole mama. Hapo sindano ilikuwa ya kawaida, yenye ncha kali. Kitambaa hiki kimefumwa kwa vitanzi, ncha kali inavitoboa badala ya kupita katikati. Tafuta yenye ncha butu, namba 80 au 90. Pakiti nyingine huandikwa SUK kwa pamba ya fulana, na H-S kwa laikra. Uzi uwe wa poliesta. Legeza parafujo ya juu inayokandamiza mguu, na fupisha mshono. Kitambaa usikivute, kiache kiende na meno ya cherehani.

ShostiWaMasasi: Fundi hapo sikubaliani. Cherehani isiyo na zigizaga lazima uvute kidogo, mbele na nyuma kwa nguvu sawa, ndipo uzi ubaki na nafasi. Mimi nashona hivyo na nguo hazikatiki.

FundiMkongwe: Mwenye mkono mzoefu sawa, anayeanza ataishia kwenye mawimbi yale ya mama. Atie karatasi laini chini ya kitambaa, akimaliza aichane.

MamaNachingwea: Na kabla ya kukata akifue kwanza! Pamba inanywea. Mwanangu alivaa fulana mara moja, kitovu nje.

BintiMikindani: Nitajuaje kinavutika vya kutosha?

ShostiWaMasasi: Shika sentimita 10 kwa upana, vuta. Kikifika 15 bila kuumia na kikirudi mahali pake, ni kizuri. Kisiporudi, magoti na makalio yatabaki yametuna. Pamba tupu utaona ukingo unajikunja kama ukili unaokauka, usishangae. Uliza kama wana intaloki, kitambaa cha kuvutika kilichofumwa mara mbili, ile haijikunji, inakaa mezani vizuri.

KijanaWaRuangwa: Kwa nini asianze na fulana za mtumba? Anafumua moja, anaona ilivyokatwa, anaishona upya.

MamaNachingwea: Mtumba wa siku hizi bei yake inakaribia mpya, mwanangu. Na zile nzuri wanawahi wenye maduka.

KijanaWaRuangwa: Inategemea siku ambayo muuzaji anafungua balo, mama. Msimu wa korosho wanapandisha, wanajua watu wana hela.

FundiMkongwe: Mtumba wa kujifunzia hata wenye doa unatosha, nakubaliana na kijana. Fulana za watoto aanze na pamba, sketi isubiri.

BintiMikindani: Ahsanteni sana. Ila sketi ni ya harusi ya Jumamosi ijayo.

ShostiWaMasasi: Jumamosi ijayo!? Basi kashone kwa mwenye ovaloki, ile mashine ya kushona na kufunga ukingo kwa pamoja. Upo upande gani wa Mikindani?

MamaNachingwea: Mimi niulize, hizo sindano butu kwa huku Nachingwea zinapatikana wapi?