Prodyuza wa biti apande jukwaani au ajichimbie studio?

Mtoto wa Tandale
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza biti za singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, chumbani kwangu hapa Tandale, na wasanii wanaozichukua wanaongezeka. Sasa kuna MC anataka nipande naye jukwaani, nipige mwenyewe badala ya DJ. Moyo unataka sana. Lakini nikikesha kwenye shoo, kesho yake kazi inalala, na studio ndiyo inayonilipia kodi na luku. Wenye uzoefu mnasemaje?

Dada wa Kinondoni
Mdogo wangu, jukwaa si lazima. The Beatles waliacha ziara mwaka 1966 wakahamishia nguvu zote studio. Mimi natengeneza muziki wa matangazo ya redio, sikeshi, na mwanangu ananiona kila jioni. Ila andikishaneni mkataba na wasanii wako, na usajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Fundi Spika Mbagala
Kwa kazi ya matangazo dada yangu kasema kweli. Singeli ni habari nyingine, imelelewa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Hata Sisso Studios ya hapa Dar, baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo wao mwaka 2017, walianza kuitwa Ulaya kupiga mbele ya watu.

Mimi nafunga spika za shughuli. Naona maprodyuza wanakuja na faili moja, dakika tatu, limekamilika. Biti inaisha MC bado anawataja mashangazi wa bibi harusi! Kaka, njoo na ngoma mbali, besi mbali, kinanda mbali. MC akichana, toa besi. Watu wakipandisha, irudishe. Kama huwezi kuivunja biti yako mbele ya watu, baki studio, DJ anatosha.

Halafu kuna kasi. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250 tu. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 20 kutoka ulipo unaisikia imechelewa karibu milisekunde 60, takriban robo ya pigo. Ukiifuata hiyo, MC atakukimbia. Dai spika yako pembeni, na kwenye programu punguza bafa, yaani sauti ambayo kompyuta inaiweka akiba kabla ya kuitoa, maana nayo inachelewesha.

Jambo jingine: mtaani mara nyingi spika zote zinatoa sauti ileile, hakuna kulia wala kushoto. Kinanda ulichokitanua kulia na kushoto kikapendeza kwenye hedifoni kinaweza kufifia kabisa. Ukishalisikia hilo uwanjani, biti yako inayofuata utaipika tofauti. Kwa sababu hiyo nakwambia panda, hata kama ni shughuli chache kwa mwezi, halafu siku zilizobaki kaa studio.

Mtoto wa Tandale
Shikamoo dada, nimekusikia, naanza na maandishi. Kaka Fundi, laptopu yangu ni ya zamani. Itahimili vipande vyote hivyo kwa pamoja?

Fundi Spika Mbagala
Itahimili. Kinachoilemea ni vinanda vya programu na efekti zinazofanya kazi papo hapo. Kila kipande kigeuze kiwe faili la sauti kwanza, zima intaneti, na chomeka chaja. Njoo mchana tukiwa tunafunga mitambo, kabla wageni hawajafika, usikie biti zako hapohapo. Waya wa kutoka kwenye laptopu uje nao mwenyewe.