Maji ya tangi la samaki yanafika nyuzi 31 mchana: nianze na lipi?

Mkazi wa Kinondoni

Salaam, ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo.

Nina tangi la kioo la lita 120 lenye mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, mawe mengi na mchanga kidogo. Tangu Januari ianze, maji huwa na nyuzi 28 alfajiri na kufika 31 ifikapo saa tisa alasiri. Saa hizo samaki hukusanyika karibu na uso wa maji wakipumua kwa haraka, na dume la buluu, ambalo kwa kawaida halimruhusu yeyote kukaribia jiwe lake, hujibanza nyuma ya bomba la kichujio. Hita niliichomoa zamani. Tangi nimelifunika kwa kioo kwa sababu samaki hawa huruka, taa ni ya tyubu za zamani, na ukuta ulio nyuma yake unaelekea magharibi. Kiyoyozi hatuna, na umeme hukatika mara kwa mara.

Jirani yangu ananishauri nitumbukize barafu, aliyeniuzia samaki anasema nibadilishe nusu ya maji kila siku, na wengine wananiambia feni inatosha. Ningependa kujua kipi kitangulie na sababu yake, kwa maana sitaki kuwajaribia samaki hawa kila ninachosikia.

Mfugaji wa Tanga

Pole sana, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, samaki wako bado hawajazidiwa na joto lenyewe. Wanachokosa ni pumzi, na hapo ndipo pa kuanzia. Maji yenye nyuzi 24 yanaweza kubeba takriban miligramu 8.4 za oksijeni kwa kila lita, ilhali yakifika nyuzi 31 hayawezi kubeba zaidi ya 7.4 hivi, hata ukipuliza hewa usiku na mchana. Upungufu huo si mkubwa ukiutazama peke yake, lakini joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo wakati maji yanapobeba oksijeni kidogo ndipo mwili wake unapoidai kwa wingi, huku bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula nao wakiongeza ulaji wao.

Leo hii, kabla ya jioni, inua mdomo wa kichujio ili maji yanayorudi yavuruge uso wote wa tangi, na kama una pampu ya hewa, liweke jiwe lake la kutolea mapovu chini kabisa. Wengi hudhani kwamba mapovu ndiyo yanayoingiza hewa majini, lakini kazi yake kubwa ni kuyainua maji ya chini yafike juu yakutane na hewa. Punguza chakula kiwe nusu na uwalishe asubuhi tu, kwa sababu samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi anapokimeng'enya chakula.

Baada ya hapo ndipo uyatafute yanayoongeza joto. Tyubu za zamani pamoja na choki yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, hutoa joto jingi, na zikiwa juu ya kioo kilichofungwa, joto hilo halina pa kwenda. Weka taa za LED, au uzizime kabisa tangu saa tano asubuhi hadi magharibi. Mbuna hawahitaji taa ili waishi. Kuhusu ukuta, Dar es Salaam mwezi Februari na mwanzoni mwa Machi jua la saa sita hupita karibu na utosi, kisha hushuka magharibi na kuupiga ukuta huo hadi jioni. Usijaribu kulisogeza tangi likiwa na maji, kwa kuwa ni zaidi ya kilo 120 na viungo vya kioo vinaweza kuachia. Chomeka kati ya tangi na ukuta kipande cha ile sponji ngumu nyeupe inayofungashiwa televisheni, na upande wa nje, kama unaweza, tundika turubai ambalo halitagusa ukuta.

Mwenyeji wa Dodoma

Naunga mkono aliyosema ndugu wa Tanga, nami nizungumzie feni, maana ndiyo inayozungumzwa sana bila kuelezwa.

Feni haipozi maji kwa kuyapulizia ubaridi. Inapoondoa hewa yenye unyevu iliyotanda juu ya uso wa maji, mvuke mwingine hupata nafasi ya kutoka, na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto lake kutoka katika maji yaliyobaki, sawasawa na mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kuyavujisha kidogo kidogo. Nguvu yake si ndogo: lita moja ikivukizwa kutoka tangi la lita 100 huchukua joto la kutosha kuyashusha maji kwa karibu nyuzi 6, kama hakuna joto linalorudi kutoka chumbani. Kwa kuwa joto hurudi muda wote, utakachokiona kwenye kipimajoto ni kidogo kuliko hapo.

Sisi wa huku Dodoma tuna bahati ya hewa kavu, na feni ndogo ya meza huweza kuyashusha maji chini ya joto la chumba bila taabu, hasa miezi ya Septemba hadi Novemba kabla ya mvua. Pwani mambo ni tofauti. Hewa yenu ya Februari imekwisha kujaa unyevu, kwa hiyo mvuke hutoka polepole, na feni inaweza kukupa nyuzi 2 au pungufu. Hata hivyo usiidharau, kwa kuwa kwa mbuna tofauti ya nyuzi 31 na 29 ni kubwa sana. Ielekeze kwa mshazari ipulize usoni mwa maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, uifunge vizuri isije ikaangukia majini, na waya wake uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondoke sakafuni yasifike kwenye umeme.

Kifuniko cha kioo lazima kitoke, la sivyo feni haitafanya kazi yoyote. Tengeneza fremu ya mbao na uitandike wavu wa dirishani wa plastiki. Hewa itapita na samaki hawataruka.

Mlezi wa Mombasa

Mimi ningependa kusema juu ya barafu na juu ya kubadilisha nusu ya maji kila siku, maana mashauri yote mawili yameshaua samaki wengi hapa pwani.

Barafu si haramu, ila ina masharti. Chupa ya lita moja iliyoganda, ikiyeyuka yote katika lita 100, hushusha maji kwa takriban nyuzi 1. Kwa tangi lako la lita 120 ni pungufu kidogo ya hapo. Ni msaada wa dharura mzuri siku ambayo kipimajoto kimepita 32, mradi chupa imefungwa vizuri na imeoshwa nje, na ielee ndani ya tangi bila barafu yenyewe kugusana na maji. Ukitupa vipande vya barafu moja kwa moja, unaingiza maji ya bomba yenye klorini pamoja na ubaridi wa ghafla mahali pamoja. Nami sikubaliani na wanaotumbukiza chupa nne kwa mpigo ili warudi kazini wakiwa na amani: maji hushuka upesi, barafu huisha, kisha joto hupanda tena alasiri hiyo hiyo, na mbuna huumizwa na kupandishwa na kushushwa huko kuliko joto la nyuzi 29 lililotulia. Ziwani kwao maji ya juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28 hivi mwaka mzima, lakini hubadilika polepole. Usishushe zaidi ya nyuzi 1 kwa saa moja.

Kuhusu maji, badilisha robo kwa juma, au mara mbili kwa juma wakati huu wa joto, na si nusu kila siku. Kuna sababu ya kuyatunza yawe safi zaidi sasa kuliko miezi ya baridi. Samaki hutoa amonia, na sehemu yake iliyo sumu kali huongezeka maji yanapopata joto: kwenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8, ambayo ni ya kawaida kwa mbuna, sehemu hiyo ni kama asilimia 5.4 kwa nyuzi 25 na hufika asilimia 7.5 kwa nyuzi 30. Yaani uchafu ule ule uliovumilika mwezi Julai unaweza kuwababua matamvua mwezi Februari. Ukiona wanahema kwa haraka hata baada ya kuongeza mapovu, pima amonia kabla hujalaumu joto.

Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Huku Oman, ambako wakati wa kiangazi hewa ya nje hupita nyuzi 40, wengi wetu tunategemea kiyoyozi cha chumba, na hatari yetu ni kukizima tunapotoka asubuhi na kukiwasha jioni. Aliye na kiyoyozi akiache kwenye nyuzi 27 muda wote kuliko 22 kwa saa chache.

Ipo pia mashine ya kupozea maji, iitwayo chila, nayo hufanya kazi kama friji. Kwa lita 120 ni gharama kubwa, na joto inalolitoa majini hulitema chumbani, kwa hiyo haifai kufungiwa kabatini chini ya tangi. Kwa ndugu wa Kinondoni ambaye umeme wake hukatika, fedha hiyo ningeiweka kwenye betri.

Mkazi wa Kinondoni

Nawashukuru sana. Kioo nimekiondoa, wavu upo, taa zimezimwa na feni inapuliza. Jana alasiri maji yaliishia nyuzi 29, na samaki wamerudi kwenye mawe yao. Sasa naona maji yanapungua kwa kasi. Je, nijazie ya simtanki lililo juu ya paa, au ya kisima cha mtaani? Na umeme ukikatika usiku nifanyeje?

Mfugaji wa Tanga

Nimefurahi kusikia hivyo.

Maji yanapovukizwa, chumvi zake hubaki tangini, kwa hiyo ukijazia ya kisima, ambayo kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam yana chumvi ya magadi au ya bahari, utakuwa unairundika kila siku. Tumia ya bomba yaliyokaa ndooni siku nzima yakipulizwa hewa ili klorini itoke, au ya mvua, mradi umeyaacha yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati. Ya simtanki yachote alfajiri, kabla jua halijalipiga, kwa sababu ifikapo alasiri yanaweza kuwa ya moto kuliko tangi lenyewe.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Pampu ya hewa inayotumia betri ni ya bei nafuu na huendesha usiku mzima. Inunue kabla ya feni ya pili. Usipokuwa nayo, chota maji kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, hasa karibu na alfajiri ikiwa una mimea, kwa kuwa usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Kama kichujio chako ni cha kopo lililofungwa na kimesimama kwa saa kadhaa, mwaga maji yaliyomo na uyasuuze masponji kwa maji ya tangi kabla ya kukiwasha, kwani bakteria wa ndani huwa wamemaliza oksijeni, na hayo maji yaliyovunda hayafai kurudishwa kwa samaki.