Eti nasoma kuhesabu maiti! Mbele ya ndafu!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya basi, hata Same hatujafika, mikono inatetemeka. Yule mzee wa koti la kaki, mnamjua, hakuna shughuli Moshi inayoisha bila yeye kushika maiki. Jana kipaimara cha mdogo wangu, Kibosho. Ndafu imetulia mezani na majani yake mdomoni, watu kibao. Mzee akakata mnofu, akauchoma kwa ncha ya kisu, akaninyooshea: "Apewe msomi wetu, anayesoma kuhesabu maiti."

KUHESABU MAITI. Mafuta yanadondokea kiatu cha kuazima, turubai zima linacheka, mama yangu mzazi anafuta machozi kwa kitenge. Nadhani hata ndafu ilicheka.

Nasoma takwimu bima, mwaka wa 3. Nikajaribu kueleza kwamba mfuko wa pensheni lazima ujue leo utenge kiasi gani ili uje kulipa miaka 30 ijayo. Watu wataishi muda gani ni kipande tu, kuna riba, kuna mfumuko wa bei... Akanikata: "Basi nihesabie, mimi nakufa lini?" Turubai likaangua kicheko upya.

Na hapo nina mtihani wa fani yetu unaotungwa na Wamarekani unanisubiri, wa hesabu za uwezekano, maswali 30 kwa saa 3, na huo ni wa kuanzia tu. Kuhesabu maiti! Halafu ile nyama niliila wakuu. Niliila pale pale kwenye kisu chake.

Boda wa Njoro: Swali la mzee ni la msingi. Anakufa lini?

Mleta uzi: Jedwali la vifo halisemi fulani atakufa lini! Linasema kati ya watu wengi wa umri wake, wangapi hawatafika mwakani. Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichapisha la kwake mwaka 1693!

Boda wa Njoro: Kwa hiyo hujui. Povu lote hili.

Binti Kilombero: Afadhali wewe. Mimi nimesoma famasia, mtaani Arusha naitwa dada wa panadol. Juzi jirani kanigongea saa 6 usiku anataka dawa ya kuku.

Mfugaji Daraja Mbili: Ulimpa ipi? Wangu wiki ya pili wanakohoa.

Binti Kilombero: Wanatoa kamasi au wanakoroma tu?

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

Mfugaji Daraja Mbili: Wanakoroma. Na jogoo kapinda shingo.