Wakuu wa Tanga, nina elfu 15 tu na Valentine ndo Jumamosi hii

fundi_keria
Habari za jioni wakuu, hasa nyie wa Tanga mjini. Mimi fundi baiskeli hapa Ngamiani, naishi Makorora na mke na mtoto wa miezi saba. Sasa Jumamosi ndo tarehe 14 na mfukoni nina elfu 15, hiyo baada ya kutoa kodi na hela ya luku, na kukopa siwezi maana mfungo uko siku nne tano mbele na futari yote inanitazama mimi. Nilimuuliza wife unataka nini akasema "mi sitaki kitu, kwani sie watoto?" nikashukuru Mungu nikalala. Kesho yake namkuta anaangalia status ya dada yake wa Dar, keki nyekundu, maua, dubu mkubwa kama mtoto wa darasa la pili, anaangalia anarudia, af anazima simu kimya. Hapo ndo nikaelewa ile "sitaki kitu". Kuna hoteli moja niliulizia chakula cha wawili siku hiyo, wakanitajia bei nikasema nakuja, nikapanda baiskeli sikurudi. Nifanyeje na hii 15?

Mzee Msimamo
Siku ya wazungu hiyo na wauza maua. Mwambie ukweli huna hela, akikasirika atapoa.

Bi Mkubwa Chumbageni
Mdogo wangu usimsikilize huyo hapo juu, ndo wale wakirudi nyumbani wanakuta chakula kimefunikwa na mke kashalala zamani.

We uko Tanga af unawaza maua ya kufungwa nailoni yaliyosafiri na basi? Tafuta asumini. Mtaani kwenu hakosi bibi mwenye mti wa asumini uani, nenda mwenyewe jioni, piga hodi, salimia vizuri, sema nataka za mke wangu. Atacheka, atakuchumia, na hela pengine asiichukue. Zinachumwa zingali zimefumba, unazitunga kwa sindano na uzi moja moja taratibu, usikaze uzi zikakatika, unatia na majani ya mrehani kidogo kikawa kikuba, unakifunga kwenye jani la mgomba kisinyauke. Usiku zinafumbuka zenyewe na chumba kizima kinanukia. Chetezo na udi nadhani mnavyo, kama hamna basi hiyo ndoa nina maswali nayo. Dubu ananukia nini?

doti_moja
Bi Mkubwa kamaliza, ila kama hela inabaki ongeza kanga. Na nakuomba SOMA JINA. Mimi mwaka juzi nilinunua doti nyekundu safi kabisa, nimeangalia pindo, nimeangalia mji pale katikati, rangi imetulia, nikalipa nikafungiwa kwenye gazeti nikaondoka zangu. Mke wangu kaifungua mbele ya mama yake akasoma kwa sauti, NILIDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Nilijieleza mpaka alfajiri. Mama mkwe hakusema kitu, aliomba tu aishike na yeye aisome.

Af usimpe ikiwa bado imeungana vile ilivyotoka dukani, pitisha kwa fundi cherehani aikate aipinde, hela ndogo tu, ili akipokea ajifunge hapohapo.

popo_wa_amboni
Mi nilijifanya mbunifu nikampeleka mchumba mapango ya Amboni, si mbali, kama kilomita 8 tu toka mjini. Sikumwambia tunaenda wapi, nikitaka iwe sapraizi, basi kaja na gauni jekundu na viatu virefu. Mle ndani giza, popo, kuna sehemu unapita umeinama, na yule mwongozaji anaeleza habari za watu wanaokuja kutambika. Mkono alioushika ni wa mwongozaji, wangu aliuona haufai. Pazuri sana pale, sipapondi, ila siku nyingine na raba.

We nendeni Raskazone mle mihogo na pweza. Au bustani ya Jamhuri, mnakaa mnaangalia kisiwa cha Toten na meli bandarini, kukaa hakuna anayekudai. Ila wahini, saa kumi na moja muwe mshafika, maana mwezi unakaribia kuandama kwahiyo Jumamosi mbalamwezi msiitegemee kabisa.

mama_visheti
Kwani lazima iitwe Valentine? Iite vunja jungu, si ndo ile sherehe ya kula kabla ya mfungo, basi vunja jungu ya watu wawili. Mtoto apelekwe kwa bibi yake. Mwanamke mwenye mtoto wa miezi saba ukimpa masaa matatu bila mtoto mgongoni hilo dubu atalisahau, nakwambia mimi ninaye wa miezi tisa.

fundi_keria
Bi Mkubwa chetezo kipo jamani 😂 Nimewasoma wote. Ntaleta mrejesho.

fundi_keria
MREJESHO wakuu.

Asumini nimepata kwa bibi nyumba ya tatu toka kwetu, hela kakataa, kasema nikamkazie spoku za baiskeli ya mjukuu wake. Nimetunga mwenyewe dukani katikati ya minyororo na grisi, wateja wakinicheka, tatu zimekatika. Kanga sikununua, nimesoma majina mpaka mwenye duka kaniuliza kama nafanya mtihani, nikaogopa. Mtoto kapelekwa kwa bibi yake, wife nimempandisha kwenye keria mpaka Raskazone, mihogo, pweza, madafu mawili, yote hiyo haijafika elfu 10.

Kurudi, giza limeshaingia, tairi la nyuma pancha. Fundi mzima sina pampu wala kiraka. Tumekokota toka huko hadi Makorora, yeye kashika tochi ya simu, kikuba kifuani ndo kinaanza kufumbuka, na njia nzima ananicheka na kunihadithia mambo ya utotoni mwake ambayo miaka miwili ya ndoa sijawahi kuyasikia. Dada yake kapiga simu mara mbili hakupokea.

Kikuba kiko juu ya kabati, kimeshakuwa rangi ya chai. Leo asubuhi nilitaka kukitupa nikafokewa.