Firenze: walanguzi wametushika pabaya kwenye tiketi za sanamu ya Daudi

Wakuu, nimekereka. Mnaopanga kwenda Firenze, Italia, someni hapa kabla hamjatoa hela.

Tovuti rasmi ya Galleria dell'Accademia, iliko sanamu ya Daudi ya Michelangelo, ilisema tiketi zimeisha kwa siku zote ambazo tungekuwepo. Kwa mawakala zimejaa tele! Siku zilezile, saa zilezile, bei zaidi ya mara mbili. Wamezitoa wapi kama si kuzizoa mapema? Tukalipa, maana mke wangu ameitamani sanamu hiyo tangu anasomea sanaa. Bei ile eti ilikuwa na mwongozaji ndani yake. Huyo mwongozaji katukabidhi vifaa vya masikioni mlangoni, kageuka kupokea kundi jingine. Nimedai hela yangu, simu haipokelewi mpaka leo.

Kinachoniuma ni hiki. Daudi alichongwa 1501 hadi 1504, akasimamishwa nje, mlangoni pa jumba la serikali, Piazza della Signoria, hadi 1873. Mpagazi, mchuuzi, kila aliyepita alimtazama bila kulipa. Kumwingiza ndani asiharibiwe na mvua, sawa, naafiki kabisa. Uffizi, jumba jingine la sanaa hapo mjini, nako ulanguzi ni uleule, wakati Anna Maria Luisa, wa mwisho wa ukoo wa Medici uliotawala Firenze, aliacha hazina za familia yake kwa mkataba wa 1737 kwa sharti kwamba zisitoke mjini na ziufae umma. Umma, jamani, siyo walanguzi!

Na asije mtu kuniambia ndiyo biashara. Mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini za karibu yuro milioni 20 kwa sababu ya tiketi za Colosseo, ule uwanja wa kale kule Roma, na kati ya waliotozwa wamo mawakala waliotumia programu za kompyuta kuzikomba. Mkono huohuo ufike Firenze, na ufike haraka.

Mahali tulipopumua ni San Marco, nyumba ya watawa ambayo Fra Angelico, mtawa mchoraji, aliichora chumba kwa chumba. Tulilipa mlangoni tukaingia. Pale unasimama mbele ya picha mpaka uridhike.

Accademia na Uffizi hufungwa Jumatatu, msipoteze siku. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na mawakala hawa kupitia benki yake, naomba anielekeze utaratibu, nina risiti zote.